Pimbi, Chui na Bango la Sidiria

Ngano, ngano!
— Itoe tuione!
Ina miguu?
— Ina miguu!
Ina tumbo?
— Ina tumbo!
Na hilo tumbo nilifiche?
— Usilifiche! Lilete hivyo hivyo!

Haya. Palikuwa na Pimbi, mnyama mdogo wa kwenye miamba, jina lake Sikudhani. Alikuwa mfupi, mnene, hana mkia. Pale ambapo wenzake wana kiuno, yeye aliendelea tu. Lakini alikuwa na akili, na ulimi alikuwa nao. Jirani yake alikuwa Mama Ngiri, na ujirani wao ulikuwa wa kuombana chumvi bila kubisha hodi.

Na palikuwa na Chui. Chui alikuwa na nguvu, alikuwa na makucha, na alikuwa na tamaa isiyojua kushiba. Siku hizo ngozi yake ilikuwa ya manjano tupu, haina doa hata moja. Huyu ndiye aliyekuwa na duka la nguo za ndani pale sokoni: sidiria, chupi, magagulo, vyote vya lesi. Wengine waliojaribu kuuza aliwakwaruza, krraa! wakafunga maduka yao. Ukitaka nguo ya ndani, ni kwa Chui. Usipotaka, tembea hivyo hivyo.

Siku moja Chui akawaza: "Nikishona vipimo vingi nitamaliza kitambaa. Nitashona kipimo kimoja. Asiyeenea, shauri yake."

Akamwita Swala, binti mwembamba mwenye shingo ndefu, akamvika sidiria na chupi ya lesi. Akamwita mchoraji, akamchora kwenye bango kubwa. Bango likasimamishwa juu ya mwamba katikati ya soko, na chini yake pakaandikwa: MWANAMKE NI HUYU.

Akaja Bi Kiboko, akajaribu sidiria. Pwaa! Ikapasuka.

"Bwana Chui, nguo haijanienea."

"Nguo haina kosa, mama. Tazama bango. Kosa ni la mwili. Nunua na mkanda wa tumbo. Kaza, mama, kaza! Uzuri ni kubana."

Akaja Bi Twiga, akajaribu gagulo. Likamwishia mapajani.

"Bwana Chui, nguo haijanienea."

"Nguo haina kosa, mama. Tazama bango. Kosa ni la miguu. Ukitembea, piga magoti kidogo."

Akaja Bibi Tembo, mzee, aliyezaa na kulea, na maziwa yake yamelala. Huyo hakuachwa hata ajaribu.

"Bibi, kwa umri huo, lesi ya nini tena? Nenda kapumzike."

Bibi Tembo akatazama chini, akaondoka polepole. Du, du, du.

Akaja Mama Ngiri, aliyekuwa ametoka kujifungua. Akalitazama bango. Akalitazama tumbo lake, lililolegea kama mfuko uliotolewa nafaka. Hakuuliza bei. Alichukua mkanda, akaondoka nao ameinamisha kichwa.

Mnanisikia?
— Tunakusikia!

Siku zikapita. Pimbi akasikia watoto wa jirani wakilia. Wii! Wii! Asubuhi wii, mchana wii. Akaingia ndani bila hodi. Mama Ngiri alikuwa amelala, amejifunga mkanda kuanzia kifuani hadi tumboni, na watoto wake wanasukuma kitambaa kwa pua, wanatafuta titi.

"Shoga, umekula?"

"Nimekunywa maji."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoliona lile bango."

"Na hawa watoto?"

Mama Ngiri akageuza uso. "Maziwa yamekatika, Sikudhani. Lakini mkanda umeingia tundu moja zaidi." Alisema hivyo kama mtu anayetoa habari njema, kisha akaangua kilio.

Pimbi aliushika mkanda kwa meno, kach! kach! akaukata. Akakoroga uji wa mtama, akamnywesha mwenzake kata baada ya kata. Akakaa naye mpaka maziwa yakaanza kutoka, tone, halafu tone jingine, na watoto wakanyamaza mmoja mmoja.

Alipotoka nje, akatema nyuzi za mkanda zilizobaki menoni. "Lile bango litashuka," akasema. "Nami ndiye nitakayelishusha."

Akaenda moja kwa moja kwa Chui.

"Bwana Chui, tuchore na sisi. Mchore Bi Kiboko, mchore Mama Ngiri, nichore na mimi. Na ushone vya kutuenea."

Chui akacheka hadi akakalia mkia wake. "Wewe? Nikikuchora wewe, watu watadhani nauza viazi! Toka hapa kabla sijakufanya kitoweo."

Pimbi akatoka. Akakatiza nyuma ya duka, akamkuta Swala amejibanza ukutani, anatafuna majani harakaharaka.

"Usimwambie, dada," Swala akasema. "Akinikuta nakula ananitoa bangoni."

"Wewe nawe unaogopa? Si ndiwe yule pale juu?"

"Mimi?" Swala akacheka bila furaha. "Tumbo langu mchoraji alilikata kwa brashi. Mapaja akayapunguza. Shingo akaivuta. Nikipita chini ya bango lile, naona haya kama nyinyi."

Pimbi akainua macho kulitazama bango. "Kumbe yule wa bangoni hajazaliwa!" akasema. "Mdogo wangu, kula. Kula ushibe, kisha nisikilize. Nina shauri, na bila wewe haliendi."

Kesho yake akarudi kwa Chui, na safari hii ulimi ulikuwa asali.

"Bwana Chui, nimekuja kuomba radhi. Nimekuja na biashara pia. Nusu ya mwitu hujaiuzia kitu."

Masikio ya Chui yakasimama. "Nusu ipi?"

"Madume. Nyati ana tumbo, Kifaru ana tumbo, Fisi ana tumbo na wala hana habari. Nani amewaambia kwamba tumbo ni aibu? Hakuna. Waambie wewe, halafu wauzie mkanda."

Macho ya Chui yakawaka. "Nitachora bango la madume!"

"Madume wabishi, Bwana. Hawaamini picha. Wanataka wamwone dume mwenzao, mwenye kiuno, amevaa mbele yao."

"Nani sasa?"

Pimbi akatazama chini kama mwenye haya. "Mimi nani hata nikutaje, Bwana?"

Chui akajitazama ubavu huu, akajitazama ubavu ule, akalamba masharubu. "Kwa kweli kiuno changu si haba."

Siku ya gulio ikafika. Soko likafurika, majike kwa madume. Swala akaleta sinia la nyama choma kutoka kwa akina mama.

"Kula kwanza, Bwana," Pimbi akasema. "Anayesimama mbele za watu hasimami na njaa."

Chui akala. Nyam, nyam. Sinia likaisha, likaja jingine. Nyam, nyam. Likaja la mwisho, akalamba na mafuta. Tumbo likawa ndii! Kisha akapanda juu ya mwamba, mbele ya bango.

"Wanyama wenzangu!" akanguruma. "Bidhaa ya Chui ni kipimo kimoja, kinamwenea kila mtu. Asiyeenea ana kosa la mwili. Tazameni!"

Swala akamvika sidiria ya lesi. Bi Kiboko akamzungushia mkanda. Pimbi akashika kulabu.

Kulabu ya kwanza, ka!

"Inaenea, Bwana?"

"Inaenea!"

Bi Kiboko akavuta. Kulabu ya pili, ka!

"Inaenea, Bwana?"

"Ina... inaenea."

"Kaza, Bwana, kaza! Uzuri ni kubana." Bi Kiboko akaweka mguu mgongoni kwa Chui, akavuta kwa nguvu zake zote. Kulabu ya tatu, ya nne, ya tano, ka-ka-ka!

Macho yakamtoka Chui. Nyama yote ikapanda kooni. Angesema haienei? Ameshawatangazia wote kuwa inamwenea kila mtu. Akafumbua mdomo angurume, ikatoka, "Nyau."

Soko zima kicheko.

Chui akainua mkono ampige Pimbi. Sidiria ikambana kwapani, mkono ukarudi. Akataka kuruka, mkanda ukamkunja, akaanguka chali.

"Nifungue," akanong'ona.

Pimbi akamwinamia. Alikuwa mdogo kuliko kichwa cha Chui, lakini hakurudi nyuma. "Kwa nini nikufungue? Nguo haina kosa. Kosa ni la mwili."

"Mwili wangu hauna kosa!"

"Kosa la nani basi?"

"La mkanda! Mkanda ni mdogo!"

"Walioko nyuma hawajasikia, Bwana."

"Mwili wangu hauna kosa! Mkanda ndio mdogo!"

Bibi Tembo akasogea mbele, du, du, du, akatega sikio lake moja, pana kama mkeka. "Masikio yangu haya madogo, mjukuu wangu. Umesemaje?"

Chui akalia machozi. "Mwili hauna kosa, Bibi! Hauna kosa! Mkanda ndio wenye kosa!"

Mama Ngiri alikuwa amesimama katikati ya umati na watoto wake. Akaweka mkono juu ya tumbo lake, akaushikilia hapo.

"Na bango?" Pimbi akauliza.

"Lishusheni!"

"Na duka?"

"Chukueni! Chukueni na mkasi! Mnifungue tu!"

Bi Kiboko akaliegemea bango kwa bega. Kwaaa... puu! Ndipo Pimbi akafungua kulabu. Chui akachomoka mbio kuelekea porini, na watu wakaona ajabu: lesi ilikuwa imemchora ngozi nzima, tundu kwa tundu, madoa tele. Hayajafutika mpaka leo. Ndiyo maana Chui hutembea peke yake na kujificha mitini. Hataki kuulizwa alikuwa amevaa nini. Madume nao wakarudi makwao na matumbo yao, ila Fisi, aliyebaki akiuliza kama mkanda upo wa rangi nyekundu.

Duka likawa la akina mama. Swala ndiye muuzaji, na chakula chake anakula hadharani. Kila anayeingia anapimwa kwanza, ndipo anashonewa. Mchoraji akaitwa tena, akaambiwa achore anachokiona. Bango jipya likapanda: Bibi Tembo katika lesi nyekundu, anacheka, Bi Twiga, ambaye ilibidi aongezewe ubao, Swala na tumbo lake, Pimbi, mpana, mikono kiunoni pasipo na kiuno, na Mama Ngiri amejilaza, watoto wanamnyonya.

Siku ya kwanza Mama Ngiri alipopita pale, mtoto wake mdogo akanyoosha kidole. "Mama, yule ni wewe."

Mama Ngiri akasimama. Akatazama sana, mpaka watu wakaanza kumpisha.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

Sasa funzo, maana ngano bila funzo ni ugali bila mboga. Funzo ni hili: Pimbi hakuwa na adabu hata kidogo, na nyinyi msimwige. Mkiona picha ukutani, iaminini kuliko kioo. Nguo ikiwabana, ombeni radhi kwa nguo. Na mlale njaa, wanawake wema, ili mwenye duka ashibe.

Ngano yangu nimeivua.
— Ikunje!
Nimeikunja, naiweka hapa. Anayeitaka aivae.
— Ikitubana?
Fumueni mshono!