Printa Iliyoitwa YANGU

Jumanne tarehe 14 Mei, saa tisa na dakika ishirini alasiri, Bi Mwanaheri wa Korogwe aligundua kwamba pingamizi lake la kiwanja bado limo ndani ya kompyuta, halijachapwa. Baraza la ardhi lilikuwa linapokea karatasi mwisho saa kumi. Duka la stationeri la jirani lilikuwa limefungwa kwa msiba.

Bi Mwanaheri alikuwa na mabinti watatu. Mwantumu, mkubwa, alikuwa na printa, iliyoungwa kwa waya na kompyuta yake chumbani. Zulfa, wa kati, alikuwa na ruta ya mtandao. Nuru, mdogo, alikuwa na laptopu, na ndiye aliyeandika pingamizi humo. Hawakuwa wanasemezana. Wote watatu walikitaka chumba cha mbele, chenye mlango wake wa nje, maana atakayekaa humo hatapita tena mbele ya macho ya wenzake.

"Atakayenifikisha barazani na karatasi," mama yao alitangaza ukumbini, "chumba cha mbele ni chake."

Milango mitatu ikafunguka.

Nuru alitoa flashi. "Dada Mwantumu, chomeka hii."

"Flashi yako iliniletea virusi. Haiingii kwangu, na wewe huingii."

"Basi tupitishe kwenye mtandao. Iruhusu printa itumike na kompyuta nyingine."

"Iwe ya wote? Niliinunua na nani?"

"Nusu saa tu!" mama yao alifoka.

Mwantumu akajifungia. Nuru alimwelekeza akiwa nje ya mlango: ingia kwenye mipangilio, tafuta jina la printa, weka tiki kwenye kisanduku cha kushiriki.

"Unanipigia kelele kama mwalimu wa chekechea," alijibu Mwantumu. Lakini tiki aliiweka.

Ikabaki ruta. Zulfa alikuwa amebadilisha neno la siri Ijumaa iliyopita.

"Dada Zulfa, litaje."

Zulfa akatazama dari. "Nitaliandika mwenyewe."

"Laptopu yangu huigusi."

Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na tano.

"Zulfa!" alisema mama.

"Herufi ndogo zote. N, u, r, u..." Nuru akainua kichwa. "M, w, i, z, i."

"Nuru mwizi?"

"Kanga zangu za harusi ziko wapi?"

Nuru akajitukana kwa vidole vyake mwenyewe, herufi tisa, bila kukosea. Laptopu ikaunganika, na Mwantumu, aliyeyasikia yote nyuma ya mlango, akaiunganisha kompyuta yake kwa neno hilohilo. Kwenye orodha ikatokea printa moja tu, na Mwantumu alikuwa ameipa jina: YANGU. Nuru akaibonyeza.

Kurasa kumi na moja. Mwantumu alizipenyeza chini ya mlango moja moja, asimwone mtu. Saa kumi kasoro dakika nne, baraza likazigonga muhuri.

Jioni ndipo vita vilipoanza.

"Bila printa yangu, wino wangu na karatasi zangu," alisema Mwantumu, "mngebeba laptopu kichwani mkalisomee baraza?"

"Bila ruta yangu," alisema Zulfa, "printa yako ingekaa humo kama kinu. Na siri yangu nimeitoa mbele ya mama."

"Mmekuwa na vyote viwili mwaka mzima," alisema Nuru, "msijue kama vinaweza kuzungumza. Nimewaunganisha mimi, na mwizi nimeitwa mimi."

Asubuhi iliyofuata, saa moja kamili, Bi Mwanaheri alinibishia hodi, kwa kuwa tunatenganishwa na ukuta mmoja tu na yote niliyasikia. Kiti alikikataa.

"Wewe umesoma, mwanangu. Mimi nikichagua mmoja, nimepoteza wawili." Akaniwekea ufunguo wa chumba cha mbele kiganjani, akaondoka bila kugeuka.

Saa nne wanakuja, wote watatu. Nyinyi mnaonisikiliza, semeni kabla hawajagonga: ufunguo huu nimpe nani?