Mtoto wa Bweha na Nyumba Tatu

Kaeni karibu, na atakayepata jibu kabla sijamaliza alifiche kwanza mdomoni.

Aliyemwambia Restituta habari za yule mnyama alikuwa Mama Theodora, muuza nyama wa sokoni. Mbwa koko mmoja alikuwa amezaa ukingoni mwa msitu, akanaswa na mtego, akafa. Watoto wake wakafa pia, akabaki mmoja.

"Ana miguu mirefu kama fito," alisema Mama Theodora, "na macho ya manjano. Baba yake ni bweha wa msituni. Hata habweki, analia tu."

Restituta alikuwa na mtoto anayetambaa, na mume aliyekwenda machimboni akaacha kupiga simu. Siku nzima iliweza kupita asizungumze na mtu mzima. Alimfunga mwanawe mgongoni akaenda kumwona huyo anayelia tu. Akambeba mpaka kijijini, akamwita Kijivu.

Katika kijiji kile cha baridi, huko juu Mbulu, kila mtu alikuwa na lake analolijua. Mama Theodora alijua kulisha. Mzee Boay, mchimba visima aliyefiwa na mkewe, alijua kuchimba na kujenga. Restituta alijua kukaa kimya.

Mama Theodora alianza. Kijivu alipopewa uji na ugali kama mbwa wengine aliharisha, akabaki mifupa. Mama Theodora akampelekea utumbo, mapafu na mifupa mibichi kila jioni, hata siku ambazo nyama haikuwatosha wateja. Bila yeye, Kijivu angekufa kwa njaa.

Mzee Boay akafuata. Kijivu alifukua chini ya kila ua na kuruka kila kizuizi, na wenye kondoo walikwisha kuanza kunoa mishale. Boay akachimba mtaro kuzunguka kiwanja chake mwenyewe, akashindilia mawe ndani yake, akasimamisha nguzo ndefu kuliko mtu, vichwa vyake vimeinamia ndani, akamhamishia Kijivu humo. Bila yeye, Kijivu angeuawa.

Restituta alikuja wa mwisho. Mle uani Kijivu alishiba na alikuwa salama, lakini alizunguka njia ileile mpaka nyasi zikaisha, na akaanza kujiguguna mkia. Mtu akiingia, alijificha. Restituta aliingia, akampa mgongo, akaketi kupukuchua mahindi bila kumwita wala kumtazama. Wiki zikapita. Siku moja alihisi pua ya baridi kwenye kisigino chake. Hakugeuka. Alilia kidogo, akaendelea kupukuchua. Tangu hapo Kijivu akaacha kujiguguna, akalala usingizi. Bila yeye, angekufa kwa ukiwa.

Kisha Mzee Boay akawa anaitwa mara kwa mara kuchimba visima katika vijiji vya mbali. "Tumgawane kwa zamu," akasema, "kama tunavyochunga kondoo."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lao. Kondoo huchungwa na nyumba hii leo na ile kesho, wala hawajali. Kijivu alijali. Kwa Mama Theodora alijichimbia chini ya meza akitetemeka kila mteja alipofika. Kwa Restituta alifukua ua wa mabua, akapatikana mbali, kwenye mashamba ya maharage. Aliporudishwa kwa Boay hakugusa hata nyama. Wakaelewa kwamba mnyama huyu ataishi nyumba moja tu, ama hataishi. Wakakutana uani kwa Boay.

"Aje kwangu," alisema Mama Theodora. "Ninyi mtamlisha nini, maharage?"

"Kwako pana watu kutwa nzima, mama. Atamng'ata mteja," alisema Boay.

"Wapo wawili ningependa awang'ate. Na wewe ukienda visimani utamwachia nani, kuku?"

"Restituta atakuja kukaa naye hapa."

"Mke wa mtu ashinde uani kwa mwanamume anayeishi peke yake? Baba, hata mimi ningesema, na mimi si msemaji."

"Wewe si msemaji?" Boay akacheka.

Restituta alikuwa anatazama chini. Alikuwa na maneno mengi, lakini yaliyotoka yalikuwa machache. "Mimi nipo nyumbani siku zote," alisema. "Siendi popote."

Mama Theodora akalegeza sauti. "Upo, binti yangu. Lakini ua wako ni wa mabua, na mwanao karibu ataanza kukimbia. Huyu akiona kitu kidogo kinakimbia, atataka kukifukuza. Utalala usingizi?"

Wakakubaliana kwamba kesho yake balozi wa nyumba kumi ndiye atakayeamua.

Asubuhi iliyofuata, kabla umande haujakauka, Restituta alimfunga mwanawe mgongoni, akachukua jembe, akaanza kuchimba mtaro kuzunguka nyumba yake. Balozi alipofika na wale wawili, alimkuta amezama hadi magotini, na hata upande mmoja haujaisha.

"Mama, bado hujapewa," balozi alisema.

"Najua, balozi," alijibu, akainua jembe tena.

Wote wakasimama wakimtazama. Kutoka uani kwa Boay, Kijivu akaanza kulia, sauti ndefu isiyo na wa kuijibu.

Balozi hajaamua hadi leo. Sasa lifungueni jibu mlilolificha: mmoja alimshibisha, mmoja alimkinga, mmoja alimtoa katika ukiwa, na nyumba inayotakiwa ni moja. Mngemwacha Kijivu mlangoni kwa nani?