Poda Mbele ya Daktari

Ndugu zangu, kabla hatujasimama kwa maombi ya toba, nitegeeni sikio kidogo. Kulikuwa na binti mmoja, mchumba wa mtu, ndoa yake imeshatangazwa kanisani mara mbili, limebaki tangazo la mwisho. Binti huyu alikuwa na makovu ya chunusi mashavuni. Zilimwanza akiwa shuleni, akazikamua kwa kucha, akazipaka dawa ya meno, akazipaka limau, kisha akahamia kwenye mikorogo ya sokoni, ile inayouzwa kwenye vikopo visivyo na jina. Akina dada, msiinamishe vichwa, sijamtaja mtu.

Basi akakimbilia poda. Aliipaka nzito, kwa sifongo, mpaka uso ukawa kama ukuta uliopigwa lipu. Mchumba wake hakuwahi kuuona uso ule mtupu, na binti aliapa moyoni kwamba hatauona mpaka upone. Aliamini kabisa kwamba akionekana alivyo, hakuna ndoa.

Kanisa lao lilikuwa na utaratibu kama wetu: wachumba huenda pamoja hospitali kupima afya, wakaleta majibu kwa mchungaji, ndipo tangazo la mwisho lisomwe. Wakaenda. Wakatolewa damu, wakaambiwa wakae kwenye benchi wasubiri kuitwa. Chumba cha daktari wa ngozi kilikuwa mwisho wa korido ileile, na binti alikuwa ameshakata kadi ya kumwona kwa siri. Akamwambia mwenzake, "Naenda msalani, nakuja sasa hivi." Akajipenyeza.

Daktari alikuwa mama mtu mzima. Alimsogezea taa usoni, akaizima.

"Nawa uso kwanza, binti yangu. Sinki hilo hapo."

"Daktari, nipe tu dawa ya makovu. Nina haraka."

"Makovu yapi? Mimi naona poda. Makovu hayafanani, mwanangu. Kuna madoa meusi, hayo mara nyingi hufifia ukiacha kuyachokoza na ukijikinga na jua. Kuna mashimo, hayo hayaondoki kwa kupaka, yana matibabu yake na yanataka subira. Na kama chini bado kuna chunusi mbichi, inabidi tuzitulize hizo kwanza. Nitajuaje bila kuona?"

"Poda nimeiacha nyumbani. Nikinawa, nitatokaje? Mchumba wangu yuko hapo nje."

"Kwa hiyo nikuandikie dawa ya kupaka juu ya poda?"

Binti akainuka. Akaenda kwenye sinki, akafungua bomba. Mikono ilikuwa imeshalowa, uso bado, mlango ukagongwa.

"Samahani daktari, namtafuta mwenzangu. Majibu yetu yametoka, wanatuita pamoja."

Sauti ile aliijua. Alilitazama bomba likimwaga maji, akalitazama dirisha, akakuta lina nondo. Ninyi mngefanya nini? Mngefunga bomba, sivyo? Mngetoka mkitabasamu, mkasema mlipotea njia ya msalani. Daktari naye hakumjibu wa nje, wala hakumhimiza wa ndani. Alishika kalamu yake, akangoja.

Binti akanawa. Alinawa huku analia, maji yakashuka na rangi ya chai ya maziwa. Kisha akaufungua mlango yeye mwenyewe, kwa kuwa alijua akingoja afunguliwe, atakosa nguvu.

Kijana akamtazama.

"Kumbe uko huku," akasema. "Afadhali."

"Unaona nilivyo?"

"Naona toka tuanze. Mashati yangu nafua mwenyewe, na kola zake zina poda yako. Mama anajua, dada zangu wanajua. Tulikubaliana tusikuseme, maana tuliona unaogopa. Hofu yangu ilikuwa moja, kwamba utaingia nyumbani kwangu na bado kila asubuhi utaamka kabla yangu ili unifiche uso."

Mmesikia? Mchumba alijua. Wakwe walijua. Poda ile, miaka yote ile, ilikuwa imemzuia mtu mmoja tu kuona, naye ni yule aliyeweza kumtibu.

Sasa sisi. Akina baba mliokuwa mnacheka habari za poda, zamu yenu imefika. Hasira yako watoto wanaijua, wanaisikia kwenye hatua zako ukiingia getini. Ulevi wako jirani anaujua. Kinyongo chako na ndugu yako, kwaya nzima inakijua. Na Mungu anajua kabla hujaamka. Tunamficha nani? Kila Jumapili tunapiga magoti tunasema, "Bwana, nisamehe dhambi zangu zote." Zote zipi? Hiyo ndiyo poda yetu, neno zito linalofunika zote bila kutaja hata moja.

Siahidi kwamba utatoka hapa uso laini. Yule binti alitibiwa muda mrefu, na mashimo mengine yapo mpaka leo, kwenye uso ambao mumewe anauona kila asubuhi. Lakini alitibiwa.

Tusimame. Leo usiseme zote. Taja moja, kwa jina lake. Bomba liko wazi.