Nyumba Aliyoitamani Ngiri

Sogeeni karibu, wanangu. Hapo kale, wanyama walipokuwa wakipanga nyumba na kuhamisha vitanda kwa mikokoteni kama sisi, palikuwa na dalali mmoja aliyeitwa Bwana Ngiri.

Ngiri alikuwa na kibanda njia panda, mahali ambapo kila mgeni aingiaye mjini lazima apite. Ukitaka nyumba, unakwenda kwake. Anakutazama juu mpaka chini, anakohoa kidogo, kisha anakutembeza. Kwanza anakuonyesha shimo linalovuja. Halafu shimo lenye siafu. Halafu shimo lililo jirani na chui. Na kila ukionyeshwa, upende usipende, unatoa kikapu cha viazi. Nyumba nzuri huioni mpaka siku ya nne, miguu imevimba na viazi vimekwisha.

Mambo yakaenda hivyo miaka mingi, mpaka Kindi alipokuja na simu.

Kindi mnamjua, mdogo, mkia mkubwa kuliko mwili. Alipanda miti, akaingia mashimoni, akapiga picha: kacha, kacha, kacha. Picha za mlango, za jikoni, za kisima. Nyingine zilikuwa video. Ukizitazama ni kama umeingia ndani mwenyewe. Akazirusha kwenye simu za mji mzima.

Mama Swala, aliyekuwa na mtoto mchanga, alitafuta nyumba akiwa amejilaza ananyonyesha. Akaandika: vyumba viwili, karibu na maji, mbali na chui. Simu ikamletea nyumba tatu. Akachagua moja, akaenda kuiona hiyohiyo, jioni akahamia.

Habari hizo zilimfikia Ngiri kibandani, amekaa peke yake. Siku ile alicheka, akasema simu ni mchezo wa watoto. Kesho yake akasema picha ni uongo mtupu. Wiki ya pili hakucheka tena. Akimwona Kindi anaruka matawini, pwi, pwi, pwi, huku wateja wakimpungia mkono, alihisi kama amemeza kaa la moto.

"Yule ana nini nisichokuwa nacho mimi?" akamuuliza mkewe, Bi Tunu.

"Ana simu," akajibu Bi Tunu, akimenya muhogo. "Na wewe nunua."

"Mimi nikajifunze kazi kwa kijitu kinachotosha kwenye kiatu?"

Bi Tunu akaendelea kumenya muhogo wake.

Basi Ngiri akaenda kwa Mzee Kobe, mwenyekiti wa mtaa. "Mwenyekiti, Kindi anaharibu mji. Afukuzwe."

Kobe akafikiri sana. Hana haraka, yule. Mwisho akasema, "Njooni wote wawili kesho asubuhi."

Asubuhi wakakutana mbele ya Kobe. Kindi alifika wa pili, simu kwapani, akaamkia, "Shikamoo, Mwenyekiti. Shikamoo, Bwana Ngiri." Ngiri akaitikia kwa pua.

"Nikifukuzwa nitaondoka," akasema Kindi. "Ila nipeni nafasi nimalize kazi moja. Kuna nyumba nimeipiga picha jana, na Nungunungu anakuja kuichukua adhuhuri."

"Nyumba gani?" akauliza Ngiri.

"Haikuhusu, Bwana Ngiri. Wewe picha huziamini."

"Hebu lete."

Kindi akamgeuzia kioo. Ngiri akainama mpaka pembe zikagusa simu. Aliona nyumba iliyopigwa kutoka juu ya mti, jua la asubuhi likiiangukia. Mlango umezungukwa na maua ya njano. Sebule pana, imefagiliwa ikafagilika, mkeka mpya umetandikwa. Jikoni, vyungu vimepangwa kwa ukubwa wake.

Ngiri akameza mate. Mji mzima ameutembea, na nyumba kama hiyo hajapata kuiona. Tena anaipata Nungunungu, yule wa miiba, alale humo! Na watu waseme ni Kindi aliyempa!

"Mwenye nyumba anataka nini?" akauliza.

"Hataki kitu. Anataka mtu atakayeipenda tu."

"Basi ni yangu. Wewe unataka nini ili umnyime Nungunungu?"

Kindi akakuna sikio. "Kibanda cha njia panda."

"Chukua."

"Hutaki kwenda kuiona kwanza?"

"Nikienda, Nungunungu ataniwahi. Nimesema chukua."

Kobe akainua shingo. "Ngiri, umekubali?"

"Nimekubali."

"Umekubali kweli?"

"Mwenyekiti, nimekubali, adhuhuri inakaribia."

Kobe akagonga meza, ko! Yakaisha.

Kindi akatangulia, Ngiri nyuma, tifu tifu tifu, vumbi linapanda. Wakapita kisimani, wakapita kwa Mama Swala, wakakunja kushoto. Ngiri akapunguza mwendo. Wakakunja tena. Ngiri akasimama.

Mbele yake palikuwa na maua ya njano. Katikati ya maua, mlangoni, alisimama Bi Tunu na ufagio wake.

"Umekosea njia," Ngiri akamwambia Kindi. "Hapa ni kwangu."

"Sijakosea. Mama alinikaribisha jana, nikapiga picha. Ndiye mwenye nyumba niliyekwambia. Nungunungu nilimtaja tu."

Ngiri akamtazama mkewe. Kila siku alitoka nyumbani kabla hakujapambazuka na kurudi jua limezama, kichwa kimejaa milango ya watu.

"Haya maua nani kayapanda?" akauliza polepole.

"Mimi," akasema Bi Tunu. "Mwaka wa tatu huu."

Ngiri akageuka kumdai Kindi kibanda chake, lakini Kindi alishaondoka, pwi, pwi, pwi, kuelekea njia panda, na Kobe alikuwa shahidi. Akabaki amesimama juani. Kisha Bi Tunu akasogea kando kidogo, akampisha aingie.

Ndivyo ilivyokuwa, wanangu: mwenye wivu hukitamani hata kilicho chake, mradi akione mkononi mwa mwingine.