Mgongo wa Aminiel

Mpira hungoja, mgongo haungoji. Mmemsikia kocha akiisema, mkaanza kucheka, eti methali ya wazee wenye vibiongo. Haya, kaeni hapo kwenye majani niwaambie ilikotoka. Nilikuwepo, na mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Hapa hapa Moshi alikuwepo Aminiel Shayo, mcheza gofu hodari kuliko sisi sote. Umri ulikuwa unamtupa mkono, na fainali ya mashindano ya mwaka ule ilikuwa nafasi yake ya mwisho kuingia timu ya taifa. Ukoo mzima ulishuka kutoka mlimani kumtazama, wamebeba mbege, pombe yetu ya ndizi. Mimi nilikuwa wa pili, nikimfuata kwa mbali.

Asubuhi hiyo baridi ilikuwa ya kugonganisha meno. Mkewe, Ndeshi, akamwambia, "Baba Nuru, pasha misuli moto kwanza. Nyoosha mgongo, zungusha mabega, piga mipira miwili mitatu polepole. Muda upo."

Aminiel akacheka. "Kinachopashwa moto ni kiporo, mke wangu. Mimi nimepikwa leo!"

Sote tukaangua kicheko. Akachukua fimbo ndefu kuliko zote, akajizungusha nayo kwa nguvu zake zote. Jamani! Tulisikia ka! Nikadhani fimbo imevunjika. Kumbe fimbo nzima. Aminiel alikuwa chini, kifudifudi, na mpira bado uko juu ya kijiti chake, haujaguswa.

"Mama Nuru," akaita, "mbona miguu yangu siisikii?"

Ndeshi alipiga yowe. Mimi nilibaki nimeziba mdomo kwa mkono. Mtu hajasukumwa, hajagongwa na gari, hajaguswa na yeyote! Mungu wangu, nilishindwa hata kumsogelea.

Madaktari walihangaika naye miezi mingi. Akatembea tena, lakini kwa mkongojo, na gofu ikawa basi. Nafasi yake nikapewa mimi, na niliona haya kuipokea. Siku ya safari ya timu alikuja stendi kuniaga, amejishikiza begani kwa Ndeshi. Nikaweka mzigo chini, nikamshika mkono. Akaanza yeye.

"Ukifika huko usione aibu kujinyoosha mbele za watu, ndugu yangu. Mimi nani alikuwa ananikimbiza? Mpira hungoja, mgongo haungoji."