Bibi Harusi, Tope na Kitufe cha Mjomba

Wanajumuiya, sogeeni, na wewe wa mlangoni weka simu chini. Kulikuwa na mjomba mmoja aliyepewa kazi ya kumpeleka bibi harusi kanisani kwa gari lake jipya. Jipya kwake, maana lilishazunguka sana huko lilikotoka. Mvua imenyesha tangu alfajiri, padre ana vigango sita vya kuzungukia, makanisa madogo ya vijijini, na amesema saa nane kamili anaondoka. Na ndiyo Jumamosi ya mwisho! Jumatano ni Majivu, Kwaresima inaingia, hakuna ndoa tena hadi Pasaka. Mnajua watu wanavyomsema bibi harusi aliyerudi nyumbani na gauni lake?

Wakafika kwenye kilima cha tope. Mjomba akakanyaga mafuta. Gari likaguna, likanywea. Akakanyaga tena, taa ya njano ikapepesa, nguvu ikakatika. Jasho likamtoka.

Pale mbele yake kulikuwa na kitufe cha kuzima ulinzi wa tairi, ule unaopunguza nguvu ya injini kila tairi zikianza kuteleza. Alikiona. Lakini fundi alimwambia, "Mzee, huo ulinzi ndio roho yako," naye akaapa hatakigusa hata siku moja.

Nyuma, bibi harusi ameinamisha kichwa, kimya, kama alivyofundwa. Kumbe msichana mwenyewe ni dereva wa gari la zahanati! Alivumilia weee, mwisho akafunua shela.

"Mjomba, bonyeza hicho kitufe!"

"Wee!" Shangazi aliyekaa kando yake akamfinya. "Bibi harusi haongei njiani!"

"Basi nikae kimya mpaka Pasaka, shangazi? Mjomba, gari linajizuia lenyewe. Kwenye tope tairi lazima zizunguke, zichimbe mpaka zishike ardhi ngumu. Zima!"

Mjomba akabonyeza, jicho moja amelifumba. Mama yangu! Tairi zikalia, tope likaruka mpaka kwenye kilemba cha shangazi, gari likapanda likiyumba kama mlevi mwenye haraka. Hilooo, juu! Vigelegele!

Wakashika lami. "Mjomba, washa sasa."

"Niwashe nini? Leo mimi simba!"

Akakanyaga mafuta kwenye kona yenye maji. Gari likageuka zima zima, likasimama linatazama lilikotoka. Mjomba akanyoosha kidole, akawasha ulinzi.

Walipofika, padre ameshapanda pikipiki. Akashuka. Ndoa ikafungwa.

Sasa sisi. Mungu ametuwekea ulinzi mdomoni: adabu, haya, kufikiri kabla ya kusema. Tunauzima wapi? Kwenye lami! Saluni, bombani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga: nani kaonekana na nani, sofa ya fulani imetoka wapi. Hapo tumezima kabisa, tunaserereka huku tunacheka. Tukifika penye tope, penye mtu aliyekwama, ndipo tunauwasha: "Mimi sitaki kuingilia ya watu." Hiyo ni adabu, jamani? Hilo ni gari lililokwama!

Jumapili iliyopita mwenzetu alikuja na jicho limevimba. Akasema ameanguka kwenye ngazi. Leo hayupo. Nyumba yake wote tunaijua, na haina ngazi. Nani kati yetu alimuuliza?

Chukueni khanga zenu. Sala ya kufunga tutaisalia kwake.