Vitabu Vilivyowika

Kokorikooo! Saa sita ya usiku, mama zangu, si alfajiri, saa sita kamili, tena si bandani kwa mtu, ni ndani ya stoo ya vifurushi vya mabasi, na kilichowika ni boksi. Boksi limezungushiwa selotepu kama majeruhi wa ajali, na juu limeandikwa kwa kalamu nene: VITABU.

Mama mwenyekiti amenipa dakika kumi za mfano, na mnajua mimi ni mwoga wa kusimama mbele za watu, kwa hiyo nitasema mbio kabla mtoto hajaamka. Anayetaka kucheka acheke mapema.

Kulikuwa na mama mmoja kijana, ana binti wa miaka mitatu na kichanga, ndiyo kwanza katoka arobaini. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kumkanda maji ya moto, kumpikia uji, kumfulia mpaka nepi, siku zote arobaini hakukunja uso, kisha akarudi kwake. Na kwao, mkwe akikutendea hivyo unamshukuru kwa jogoo. Si pesa, si kitenge. Jogoo, tena aingie uani kwa miguu yake mwenyewe, majirani wakiona, mkwe apige kigelegele. Akifika amekufa ni kama umemtukana.

Akaenda stendi kuulizia usafiri. Ukutani kuna tangazo: HATUPOKEI KUKU. Chini yake palikuwa na maneno mengine, lakini mtu alikuwa ameegemeza godoro lake hapo, na yeye ni mwoga, hakuuliza. Jamani, sisi waoga tuna dhambi yetu: hatuulizi, tunatafuta mlango wa nyuma.

Akarudi nyumbani akamkamata jogoo, akamfunga miguu kwa kipande cha kanga. Jogoo wa kuingia uani kwa miguu yake! Akawaza, atawika huyu. Akachukua mpira wa nywele wa binti yake, akamfunga mdomo. Boksi akalitoboa matundu matatu, halafu akaogopa karani atayaona, akayaziba. Mbona mnaniangalia hivyo? Alimbembeleza kabisa, "Vumilia baba, ni siku moja tu." Kana kwamba maneno matamu ni hewa.

Stendi karani akamuuliza, "Ndani kuna nini, dada?"

"Vitabu."

Karani akaliweka boksi mezani, likajisogeza lenyewe. "Mbona vinatembea?"

"Ni vya watoto."

Mnacheka, lakini karani alimpokelea! Akaandika namba ya simu, akampa risiti, boksi likatupwa stoo kusubiri basi la alfajiri, na mama akaondoka mbio kama kaiba.

Usiku jogoo akahangaika humo gizani mpaka mpira ukateleza. Ndipo ile Kokorikooo. Mlinzi wa zamu akamwaga chai yote mapajani, alidhani ni majini. Alipogundua ni boksi, akapiga ile namba.

"Dada, samahani kwa usiku huu, vitabu vyako vinawika."

"Umekosea namba."

Akapiga tena. "Dada, humu ndani kuna mtu anahema vibaya. Nifungue?"

"Kaka, mimi sina jogoo!"

"Nani kakwambia ni jogoo?"

Akakata simu. Mlinzi akapiga mara ya tatu. "Sikiliza, ukikaa kimya namfungua mwenyewe, na saa mbili asubuhi mwenye mali asipotokea, sisi wa zamu tuna ugali tayari."

"Simjui huyo jogoo, sijawahi kumwona!"

Na kule kwenye simu jogoo akawika. Naona mmeshaanza kutikisa vichwa, najua mmemkumbuka mtume gani, subirini kwanza. Maana huyu mama kwa woga alichukua na ile risiti akaitia kwenye jiko la mkaa. Akalala. Nani kalala? Kila akifumba macho anayaona matundu matatu. Wewe ungelala? Uko na kichanga ubavuni, unasikia pumzi yake, fuu, fuu, na unajua kuna pumzi nyingine umeiziba kwa selotepu?

Saa moja asubuhi yuko stendi, mmoja mgongoni, mmoja mkononi. Akakuta watu watatu wamemtangulia, wote wanamdai jogoo. Habari ya kuku asiye na mwenyewe haihitaji redio.

"Wangu ni mwekundu, mkia mrefu," akasema wa kwanza.

"Huyo hapo anakunywa maji kwenye mfuniko wa ndoo," mlinzi akamjibu. "Unamwona, na mimi namwona. Uzuri wake hata kipofu wa stendi hii ameshasimuliwa. Mimi nataka mtu mmoja tu aniambie jogoo huyu alifungwa nini."

"Kufungwa?" mwanamke mmoja akaruka. "Jogoo wangu nimfunge! Nampenda kama mwanangu!"

"Basi si wako, mama. Mwingine."

Wa tatu akarudi nyuma. Mnaona yule mama alivyonaswa? Risiti kaichoma, namba kaikana. Ushahidi uliobaki ni mmoja, ubaya wake mwenyewe, na autamke mbele za watu, mchana kweupe. Akatazama saa ya ukutani, saa mbili kasoro dakika tano, na sufuria ya ugali imeshatoa mvuke.

"Miguu, kipande cha kanga," akasema. "Mdomo, mpira wa nywele. Wa pinki. Una ua. Na matundu yalikuwa matatu, niliyaziba mwenyewe."

Hata wauza karanga wakasogea kusikiliza. Mlinzi akautoa mpira mfukoni, akautazama, akautundika kwenye msumari ukutani. "Jogoo ni wako." Halafu akalivuta lile godoro pembeni. Mama zangu, tangazo zima lilisema: HATUPOKEI KUKU NDANI YA MABOKSI. LETENI TENGA, WAPATE HEWA.

"Kuku tunapakia kila siku, dada. Ungeuliza."

Jogoo akaondoka na basi la mchana, ndani ya tenga. Jioni mkwe akapiga simu kwa furaha. "Ameingia kwa miguu yake, mwanangu! Lakini mbona hawiki?"

Akakaa siku nne bila kuwika.

Sasa sisi. Wale waongo walimsifu jogoo kuliko mwenyewe, na haikuwasaidia. Mwenyewe alijulikana kwa fundo alilofunga. Siku tutakapoitwa mbele za Mungu tutaanza kujisifu, Bwana, nilikuwa na mbuzi, nilikuwa na kuku, nilikuwa na msichana wa kazi, niliwapenda wote. Atasema, nawaona. Niambie uliwafunga nini. Mbuzi tunayemtoa mnadani kaning'inia kichwa chini kwenye pikipiki, huku tukiimba mapambio, tunampelekea nani hiyo shukrani? Yule binti jikoni tuliyemwambia "nyamaza" mpaka akasahau kuwika, atasema nini akiulizwa mbona hawiki? Na haikuwa lazima! Mlango wa mbele ulikuwa wazi, tulishindwa kuuliza tu. Ukirudi nyumbani leo, kabla ya kupika, zunguka, angalia ulichokifunga, ufungue.

Nimemaliza, ameamka huyu. Mlinzi alimwahidi yule mama kwamba hatamwambia mtu, na ahadi yake ameitunza. Na ninyi mnaomgeukia binti yangu kutazama kwa nini msuko mmoja una mpira wa pinki na mwingine umefungwa uzi mweusi, geukeni mbele tusali. Nimewaambia ninyi tu. Sitamwambia mtu mwingine.